Nilisema ni Unyevu

Ninyi mnaofanya kazi sasa katika ateliye, karakana yetu ya Nyakasanza hapa Bunia, mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu ya ufinyanzi kabla sijasahau, au kabla sijaanza kujisifu, mambo ambayo kwa umri wangu huja pamoja. Nianze na lile nililolikana mbele ya watu wengi, baadhi yao wakiwa na kamera. Ninaamini kwamba nyungu hazichomwi wakati waliozifinyanga wana matata kati yao. Ninaamini hivyo kama ninavyoamini kwamba petroli huwaka. Kwa mtu aliyesoma kemia hadi chuo kikuu, aliyeifundisha, na ambaye bado mnamwita Mama Prof kwa heshima ambayo sijawahi kuwa na hakika nayo, ni jambo gumu kuliandika. Basi limeandikwa. Tuendelee.

Sikustaafu kwa uzee. Vifundo vya mikono yangu ndivyo vilivyostaafu. Mimi nimevifuata tu, kama mke anayehamishwa na kazi ya mume.

Udongo niliujua kwanza kwa Mama Yuliana, kwenye vilima vinavyozunguka Kpandroma. Kwa wale mliofika juzi: ndiye mama aliyeanzisha kazi hii, na kile kibenchi kifupi karibu na mlango ambacho hakuna anayekikalia ni chake. Nilimwendea nikiwa mwanafunzi, nimevaa buti mpya, natafuta sampuli za udongo kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo.

"Unapeleka udongo yangu wapi?" aliniuliza.

"Ku laboratwari, Mama."

"Ule wa kule atafanya nayo nyungu?"

"Hapana. Ataiangalia."

"Bon, umupelekee kidogo. Ya kuangalia haiombe mingi."

Kisha akaniambia nivue buti. Nilikanyaga udongo hadi magoti yakalia, huku nikitafuta vijiwe kwa nyayo. Hilo ndilo somo la kwanza, na wengi wenu mnaliruka: unyayo unaona kuliko jicho. Jiwe dogo kama punje ya mtama likibaki ndani, kwenye moto litaruka kama bisi na kuondoka na ubavu wa nyungu.

Msidhani Mama Yuliana alikuwa malaika wa ufinyanzi. Nilipoleta wavu wa dirisha ili tuchuje udongo, aliuita chandarua na kuniuliza kama udongo umeshikwa na malaria. Msimu uliofuata alikuwa ananituma, "Ee, lete chandarua." Na nyungu ikitoka motoni na ufa mwembamba kama unywele, aliuziba kwa nta ya nyuki na masizi, akaiweka kando kwa ajili ya wasafiri. "Huyu iko napita tu," alikuwa anasema. "Hatarudia kunitukana."

Lakini siku ya moto hakuwa na mzaha. Nyungu zilipangwa juu ya magogo ya mkaratusi, zikafunikwa na mavi makavu ya ng'ombe, na juu yake mahali pa majani. Kabla ya majani kuwekwa, wote waliogusa udongo ule walizunguka lundo, kila mmoja na konzi yake ya majani makavu. Mwenye neno moyoni alimgeukia mwenzake na kulisema. Aliyeambiwa hakujitetea. Alijibu "nimesikia," basi, na wote wawili wakaweka majani yao pamoja. Kama mwenye neno hakuwepo, moto ulimngoja. Hivyo ndivyo walivyofanya kwao, tangu mama yake na mama wa mama yake.

Mara yangu ya kwanza mama mmoja alinigeukia na kusema, "Huyu wa buti alisema mutoto wangu iko na minyoo. Mbele ya watu."

"Lakini iko nayo," nikasema.

"Jibu ni 'nimesikia,'" Mama Yuliana akanikumbusha.

Nilisikia. Niliweka majani yangu. Nyungu zilitoka zote nzima, nami nikaandika katika daftari kwamba mavi makavu ya ng'ombe huwaka polepole na kwa usawa. Ni kweli pia.

Sitaeleza jinsi watu wa Djugu, nchi ya vilima vile, walivyokimbia vita. Wengi wenu mlikuwa mgongoni mwa mtu. Mama Yuliana alifika Bunia na gunia moja kichwani, na majirani walioona unga unavuja walimsifu kwa kukumbuka chakula. Haukuwa wa chakula. Ulikuwa vigae vilivyotwangwa, nyungu zilizovunjika nyumbani kwao kwa miaka mingi, zake na za wazee wake. Udongo mbichi hujikunja ukikauka na hushtuka ukiona moto. Ukiuchanganya na unga wa vigae unatulia, kwa sababu unga ule umekwisha kuungua na haushtuki tena. Nilikuwa mwalimu wakati ule. Nilipoambiwa kwamba kuna mama mkimbizi anayegombana na watengeneza matofali kwenye bonde kwa sababu ya udongo, nilijua ni nani kabla sijatajiwa jina.

Tukapata kiwanja Nyakasanza. Udongo wa hapa, mnaujua, unanata kama mchumba aliyekataliwa. Uliharibu kazi yetu msimu mzima hadi tukajua kipimo cha vigae unachokubali. Gunia la Mama Yuliana lilikwisha zamani, lakini kila nyungu yetu iliyovunjika ilirudi kwenye kinu, kwa hiyo bado kuna kidogo cha vilima vile katika kila mnachokifinyanga. Kidogo sana. Mkemia ndani yangu anaomba niseme hivyo.

Vyombo vyetu mnavyo: kipande cha kibuyu cha kusawazisha ndani, spoku ya baiskeli ya kukata mdomo, utepe wa mpira wa gurudumu badala ya kamba, na jiwe jeusi la kusugulia. Jiwe lile lina bonde dogo la kidole gumba cha Mama Yuliana. Hukaa kwa yule anayeongoza moto. Kwetu ndiyo barua ya uteuzi.

Na mwaka wetu unakwenda hivi. Desemba maji ya bonde yanashuka, tunachimba. Hadi Februari kuna jua, majani yanavunjika kwa vidole, na hapo ndipo tunachoma. Machi mvua inaingia na nyungu zinaanza kununa: unazigeuza asubuhi, unaziwashia moshi mwembamba chini, na bado ukizigusisha shavuni ni baridi. Msisahau shavu. Nyungu ikiwa baridi shavuni ina maji ndani. Ikiwa vuguvugu kama mtoto aliyelala, iko tayari. Juni na Julai mbingu inatupa nafasi fupi, tunachoma mbio mbio. Kisha mvua kubwa, miezi ya kutwanga vigae chini ya mabati, bega kwa bega, watu walewale, kelele ileile. Huo ndio msimu wa matata. Hakuna aliyegombana vizuri Januari, kazi ni nyingi. Maneno yote mabaya ya ateliye hii yalisemwa Oktoba. Ndiyo maana moto wa kwanza wa kiangazi ulikuwa na majani mengi ya kuweka.

Kavira alitujia wakati wa mvua, tena kwa matata. Familia yake ilihamia hapa kutoka Butembo, na alikuwa anauza beseni na bidoni za plastiki za kuchotea maji katika kiduka jirani. Yaani alikuwa adui. Alisimama langoni na ndoo nyeupe iliyokuwa na masizi.

"Mama, moshi yenu iko napaka bidhaa yangu."

"Ndoo yako iko naua nyungu yetu," Mama Yuliana alimjibu kutoka kibenchini. "Nani alianza?"

Kavira alicheka, akaingia, akashika nyungu mbichi iliyokuwa rafuni, na badala ya kuisifu akaipindua kuangalia kitako. Mama Yuliana alinitazama. Mtu anayeangalia kitako kwanza hafundishwi. Anazuiwa tu asiondoke.

Ni yeye aliyetuambia tuache kushindana na bidoni. Watu wa kambi ya wakimbizi, alisema, hawana haja ya mitungi, wanahitaji mbabula, jiko dogo lisilokula makaa mengi. Alitaka tutengeneze moyo wa udongo ndani ya mbabula ya bati. Mimi nilipinga. Nilitoa maneno kuhusu urithi, mengi, baadhi kwa Kifaransa. Sasa mbabula ndiyo inayowalisha ninyi, na urithi tunaufinyanga siku za Jumamosi. Nimesikia, Kavira.

Ugumu wenyewe ulikuja na wageni. Shirika moja lilileta ujumbe kuona kazi yetu, wanaume watatu wenye fulana zenye mifuko mingi. Lundo lilikuwa tayari, jua zuri, upepo umelala, na hatukuwasha, kwa sababu Kavira na Jeannette walikuwa hawajasemeshana tangu wiki iliyotangulia. Jeannette mnamjua, ndiye sauti mnayoisikia kabla hamjafika langoni. Alikuwa amekaa kwa dada yake, na tulikuwa tunamngoja atulie arudi.

Kijana mwenye kamera aliniuliza kwa Kifaransa tunangoja nini.

Mama Yuliana alikuwa kibenchini, Kavira amesimama nyuma yake. Nami, mwenye diploma, nilijibu kwa Kifaransa changu kizuri kwamba ni unyevu. Nikaeleza maji yaliyofungwa ndani ya udongo, jinsi yanavyogeuka mvuke na kupasua chombo. Kijana akatabasamu, akasema ameambiwa kuna mila fulani. Nikacheka. Nikasema hadithi za mabibi wa kijijini zipo, tunaziheshimu, lakini hapa tunafanya kazi kisayansi.

Wageni waliridhika. Jeannette alirudi, majani yakawekwa, moto ukawaka. Mama Yuliana hakusimama nasi. Alisema goti linamuuma. Tangu siku ile goti lilimuuma kila siku ya moto. Tulimwonea huruma, nikamletea dawa ya kuchua. Mvua iliyofuata alitutoka, usingizini, na kwenye matanga tulipikia katika nyungu zake mwenyewe.

Miaka ilipita, mikono yangu ikaanza kuangusha vitu. Daktari alinionyesha picha ya mifupa na kutumia neno refu. Mwaka jana, kabla ya kiangazi, niliwakusanya, nikamkabidhi Kavira jiwe jeusi. Kwa kuwa siwezi kutoa kitu bila kutoa hotuba, nikaongeza mzaha: kwamba sasa ateliye inapata mfanyabiashara, angalau bei zitajua kufinyangwa. Mlicheka. Kavira hakucheka. Alilishika lile jiwe kwa muda mfupi, akaliweka mezani, akatoka. Siku niliyokwenda kwa daktari tena, alipanda gari la Butembo.

Nilimwandikia kumwomba radhi kwa ule mzaha. Kimya. Nikamwandikia tena, kwa sentensi fupi zaidi, jambo ambalo kwangu ni tendo la toba. Kimya.

Na ndani ya ateliye rafu zilikuwa zimejaa. Mioyo ya mbabula ya kambi, kazi ya wote, na mitungi mitano yangu, ya mwisho ambayo vifundo hivi vitaifinyanga. Udongo wake mimi na Kavira tuliukanyaga pamoja. Tulijenga lundo Februari. Nilikuja kila asubuhi, nikaugusisha mtungi shavuni, nikasema bado kuna unyevu.

Asubuhi moja Jeannette alivumilia kadiri anavyoweza, yaani hadi saa nne.

"Mama Prof, hii iko mukavu kuliko biskwi."

"Ngoja kidogo."

"Mbingu ya upande wa ziwa iko naivaa nguo nyeusi. Mvua ikikuya, lundo yote inarudia matope. Bamama wa kambi tunawaambia nini? Bapikie ku mikono?"

"Jeannette, udongo una maji yasiyoonekana."

"Ile maji isiyoonekana," alisema, "jina yake ni Kavira, na iko Butembo."

Mlikuwa wote mmesimama pale. Mmoja wenu aliangalia miguu yake kwa adabu. Nilikwenda kukaa ndani, karibu na kibenchi, siyo juu yake. Hesabu ilikuwa wazi. Nikiwasha bila Kavira, nitakuwa nimekubali kwamba kungoja kwetu kote kulikuwa mchezo, na anayeongoza moto baada yangu hatapatikana, kwa sababu nyote mnajua ni nani na yeye hayupo. Nikingoja, mvua itakula kazi ya watu ambao kosa lao pekee ni kufanya kazi na mimi. Nilisimama. Nikawaambia leteni kiberiti.

Hapo simu ya Jeannette ikalia. Aliipokea, akanong'ona kuhusu kiberiti, kisha akasikiliza, jambo ambalo peke yake lilitutisha, akanipa.

"Jambo, Mama Prof." Nyuma ya sauti ya Kavira kulikuwa na honi za gari. "Jeannette ananiambia umeshika kiberiti."

"Mvua iko nakuja, mwanangu."

"Najua. Jeannette iko naniandikia kila siku. Ndiyo maana nimepiga. Funga ile kiberiti kwanza, unisikie. Niko na neno."

"Ule mzaha wangu wa bei. Nilishakuandikia kwamba..."

"Ule mzaha? Mzaha yako yote iko vile, siye tulishazoea. Hapana. Siku ya wale bageni wa kamera. Uliongea na Kifaransa, ukacheka."

"Nakumbuka."

"Mama Yuliana alinivuta kitambaa. Akaniuliza, 'Anasema nini, ule mutoto wangu?' Mama wa watu, ningemudanganya? Nilimwambia neno kwa neno. Hadithi za mabibi. Kisayansi. Yote."

Kavira hakungoja nimuulize alijibu nini.

"Akasema, 'Bon. Kama ni ya kisayansi, siye tukae pembeni.' Kesho yake ndiyo goti ikaanza. Ile goti, Mama Prof! Ile goti ilikuwa inapanda ku soko kila siku, inarudia na kilo kumi ya mihogo. Weye unaileta dawa ya kuchua, anaipaka, anakushukuru. Na mimi niko naangalia. Sasa unanipa jiwe yake, unataka niongoze moto, na kesho mugeni akikuya mimi naye nicheke? Siwezi. Hiyo ndiyo neno yangu."

Jibu ni moja tu, na nilikuwa nalijua tangu siku ya buti.

"Nimesikia," nikasema.

"Mimi ndio umejibia. Yeye je? Fungula sauti, wote wasikie. Sema ile yenye ulikataa."

Jeannette alibonyeza simu, kwa sababu vidole vyangu havikuipata ile alama. Nikasema mbele yenu, kwa Kiswahili, kile nilichoandika hapo juu, ila kwa ufupi zaidi na kwa sauti mbaya zaidi: kwamba naamini, kwamba niliamini hata nikiwa nacheka, kwamba sikuwahi hata mara moja kungoja unyevu. Mmoja wenu alianza kupiga makofi, Jeannette akamkata jicho.

"Na weye," Kavira akauliza, "uko na neno?"

"Ulienda siku nilikuwa kwa daktari. Nilirudi, jiwe liko mezani, weye hauko."

Honi. "Nimesikia," akasema. Kisha, "Jeannette, kamata majani yangu, uweke pamoja na yake. Mingi, siyo ile konzi yako ya bahili."

Jeannette aliweka. Niliweka yangu juu. Upande wa ziwa mbingu ilinguruma, mbali bado.

"Mimi niko Komanda, ku njia ya Bunia, gari iko napakia," alisema Kavira. "Nakuya. Lakini nakuya kama mukubwa wa moto, siyo kama mutoto wa kazi. Ile jiwe isiguswe. Washa upande wa upepo, usijaze majani mara moja, na weye Mama Prof, ukishawasha, ukae chini. Kibenchi iko pale."

Nilishika kiberiti. Nikamwuliza, kwa sababu mwalimu hafi upesi ndani ya mtu:

"Na kama mitungi ikipasuka, Kavira? Tutasema nini?"

"Ikipasuka," akasema, "ni unyevu."